Samaki Saba Wasiokula

Kitu cha kwanza kinachonijia ni harufu ya tope lililopata jua. Si tope la barabara, ambalo hapa Butembo hunuka mafuta ya pikipiki na maganda ya ndizi. Ni tope la bwawa la samaki, jeusi na laini, lenye nyasi zilizooza na samadi ya mbuzi ndani yake. Alfajiri lilikuwa halinuki kitu. Bonde letu, chini ya mji mdogo wa Musienene, lilikuwa na baridi, na ukungu ulikaa juu ya maji kama moshi wa kuni mbichi. Kisha jua lilivuka mikaratusi ya mlima wa pili, likashuka polepole kwenye majani ya migomba, mpaka likafika kwenye ukingo wa bwawa, mahali ambapo maji hayakufika magotini mwangu. Hapo tope lilipata joto na harufu ikaamka. Mimi sikuwa na saa wala sikuhitaji. Harufu ile ilipofika puani nilijua kwamba samaki wako njiani kuja kula.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba yetu alikuwa amekwenda Mbau, upande wa Beni, kupasua mbao pamoja na kaka yake, na alikuwa amemwachia mama kazi zote mbili, yake na ya mama. Tulikuwa watoto watatu. Mimi, Masika, ndiye mkubwa. Baada yangu alikuja Kavira, mwenye miaka saba na ulimi wa mtu mzima. Wa mwisho alikuwa mtoto wa kiume, na kwa sababu alizaliwa baada ya wasichana aliitwa Muhindo, kama desturi yetu Wanande inavyotaka. Muhindo alikuwa na miaka miwili na miezi kadhaa, na alikuwa na bwaki. Kwa msomaji asiyelijua neno hili, ni ugonjwa wa mtoto anayepata viazi na ugali lakini hapati maziwa, mayai wala nyama. Miguu yake ilivimba, nikibonyeza kwa kidole shimo lilibaki pale pale kama kwenye unga uliokandwa. Nywele zake ziligeuka nyekundu na kunyong'onyea. Hakulia sana, na hilo ndilo lililomtisha mama. Mtoto mzima hulia, husema watu, na anayenyamaza ndiye wa kuogopwa.

Kiangazi kilichotangulia kideri kiliingia kwenye kuku wetu. Kuku mmoja alipoanza kuinamisha shingo, mama alimhurumia, akamwacha alale na wenzake. Baada ya siku kumi banda lilikuwa tupu, na mayai ya Muhindo yakaisha hapo. Mama hakujisamehe kwa siku zile chache za huruma. Ninalisema hili mapema kwa sababu yaliyofuata hayaeleweki bila banda lile tupu. Muuguzi wa dispensari alipomtazama Muhindo alisema neno moja tu la maana: apewe samaki. Na samaki tulikuwa nao, mita mia mbili chini ya nyumba, wakiogelea.

Lakini hawakuwa wa kuliwa bado. Bwawa, ambalo sote tuliliita etang, lilichimbwa na baba kwa ushauri wa agronome, mtumishi wa kilimo wa serikali aliyeletwa kwetu kutoka mkoa wa Ekwateri. Alikuwa mtu mrefu, mchangamfu, mwenye viatu vya mpira na Kiswahili kilichojaa Kifaransa na Kilingala. Yeye ndiye aliyetuletea tilapia ishirini wakubwa ndani ya pipa, ili wazae. Hao aliwaita wazazi, na sheria yake ilikuwa moja. Mama alipomweleza habari za Muhindo, alisikitika kweli, akavua kofia. Kisha akasema, "Mama, ukikula mbegu, utapanda nini? Bazazi habakuliwe. Ngoja batoto babo bakomae. Wakati ya kuvuna maharage, tutakausha etang, na mutoto atakula mpaka atachoka." Mama aliitazama mistari ya maharage mteremkoni. Ndiyo kwanza ilikuwa inatoa maua. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu kulikuwa na mashindano yasiyotajwa, kujua nani atatangulia, samaki au ugonjwa. Mama hakuthubutu kuivunja amri. Mtu wa serikali alikuwa mtu wa serikali, na samaki walikuwa wametoka kwenye pipa lake.

Kazi yangu ilikuwa kuwatazama wakila. Agronome aliunganisha vipande vinne vya mwanzi, vikawa kama dirisha linaloelea, na ndani ya dirisha hilo nilitakiwa kuweka majani ya viazi vitamu na ya mihogo, ili yasisambae. "Utalisha mpaka bakatae," aliniambia. "Bakikataa, unaacha. Chakula yenye inabakia inaoza, na etang inakufa." Nilipewa jukumu, na mimi ni mtu wa kuchukua jukumu kwa uzito kupita kiasi. Hata leo, nikishona shati, napima mkono mara tatu. Nilikalia jiwe moja lile lile, nikikunja miguu ili kivuli changu kisiguse maji. Nilikuwa na ubao wa sanduku na kipande cha mkaa, na niliandika humo alama zangu: nukta moja kwa kila tonge la majani lililoisha, msalaba kwa siku waliyokataa. Kavira aliniona kituko. Alikuwa akisimama juu ya mteremko na kupaza sauti ili watoto wa jirani wasikie: "Mukuje muone bibi ya samaki! Masika, bwana yako anasema nini? Analeta mahari ya tope?" Sikumjibu. Ukiinua sauti, samaki wanaondoka, na unaanza upya.

Niliyoyaona katika maji yale machache bado nayaona. Wa kwanza kufika walikuwa wadogo, wenye urefu wa kucha. Walikuja kwa kundi kama vumbi linalosukumwa na upepo, wakafuata joto lilipo, wakaanza kudonoa utelezi wa kijani uliofunika mawe na mabua. Walidonoa wote wakielekea upande mmoja, na wingu likipita mbele ya jua walirudi kilindini kwa pamoja, bila hata mmoja kuchelewa. Waliofuata walikuwa wa kadiri ya kidole cha shahada. Hawa walikula tope lenyewe. Waliinamisha kichwa, wakavuta tope kinywani, wakatafuna kidogo, kisha wakatema kivumbi na kubakiza walichotaka. Nilijiuliza wanajuaje kipi cha kutema. Wakubwa walikuja mwisho kabisa. Walisimama mbali, pale ukingo unapoteremka gizani, wakatazama. Mmoja alitangulia, akagusa jani, akalitema, akarudi. Akaja tena. Akilivuta mara ya tatu, wengine nao waliinuka, na maji ndani ya dirisha la mwanzi yakachemka. Walilila jani kuanzia pembeni, wakiuacha mshipa wa katikati kama uti wa mgongo. Mvua zilipoleta kumbikumbi, waliwafuata mpaka kwenye maji ya kina cha kiganja, migongo ikiwa nje, kama watu waliosahau adabu mezani. Kivuli cha ndege mvuvi kikipita, mahali pote palibaki patupu, na kwa muda mrefu kilichosogea kilikuwa tope tu, likitulia.

Katika kutazama huko niliona samaki asiyekula. Alikuwa mmoja wa wale ishirini, nilimtambua kwa pezi lake la mgongoni lililochanika. Badala ya kuja na wenzake, alisimama peke yake kati ya matete, katika maji ya chini kabisa, akielekeza kichwa nchi kavu. Koo lake lilikuwa limevimba. Taya zake zilikuwa zikienda polepole, kama mtu anayetafuna, na hakuwa na kitu cha kutafuna. Niliweka jani mbele yake, akajisogeza. Nilimtupia kumbikumbi hai, aliyekuwa akipigapiga mabawa juu ya pua yake, na kumbikumbi kwa samaki ni sawa na nyama kwetu sisi. Hakugusa. Nilifanya jaribio hilo siku tano, saa ile ile ya harufu, na siku tano nilichora msalaba. Siku ya tatu nilimwona wa pili, akiwa vile vile. Siku ya tano walikuwa saba, kila mmoja mahali pake kati ya matete, koo limevimba, mdomo umefungwa. Nami nilikuwa nimetoka kumwona ndugu yangu nyumbani, amekaa peke yake ukutani, amevimba, akigeuza uso kila kijiko kilipofika.

Shuleni mwalimu alikuwa ameandika ubaoni methali, tukaikariri kwa wimbo: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Nilikuwa mtoto anayeamini kilichoandikwa. Nilipanda mteremko na ubao wangu, nikamkuta mama anampaka Muhindo mafuta ya mawese miguuni, na nikamweleza kila kitu kwa mpangilio, kama anayesoma somo.

"Ile haikule kabisa?" mama aliuliza.

"Hapana, mama. Siku tano. Hata kumbikumbi inakatala."

"Na shingo imevimba?"

"Imevimba. Zote saba."

Mama alimtazama Muhindo, kisha akatazama upande wa banda la kuku, ambamo wakati huo tulihifadhi kuni. "Safari hii siwezi kungoja," alisema. Hakunilaumu, wala hakuomba ushahidi zaidi. Aliniamini mimi na ubao wangu. Mara nyingi nimefikiri kwamba katika maisha yangu hakuna mtu aliyewahi kuniamini kwa ukamilifu kama mama alivyoniamini asubuhi ile.

Tulishuka kesho yake alfajiri, maji yakiwa bado baridi na samaki wazito. Mama aliingia na kikapu kile ambacho wanawake hutumia kwenye kijito, mimi nikamwonyesha kwa kidole, tete moja baada ya jingine. Wale saba hawakukimbia sana. Alipomwinua wa kwanza, samaki alifungua mdomo na kumwaga ndani ya kikapu chembe nyingi za njano, kama ulezi uliolowa. Mama alirudi nyuma. "Ona," alisema, "anatapika usaha." Mayai ya samaki tulikuwa tunayajua, tulikuwa tumeyaona tumboni mwa samaki wa sokoni. Nani angetafuta mayai mdomoni? Sisi ni watu wa mlima, wa maharage na viazi. Mtu wa ziwa angecheka, kisha angetusaidia. Kwetu hakukuwa na mtu wa ziwa. Mama aliwapiga kichwani kwa mti, mmoja mmoja, haraka, akachimba shimo chini ya migomba. Hakufikiria kumpikia Muhindo nyama ya ugonjwa, kama vile hakumpikia kuku wa kideri. Nilimwona akiwafukia wanne wa kwanza. Ilikuwa siku ya soko, na jua lilikuwa limeshapanda, kwa hiyo alituambia mimi na Kavira tubebe kabichi twende Musienene kabla watu hawajaisha. Watatu waliobaki walikuwa bado ndani ya kikapu.

Sokoni mwanamke mmoja aliziminyaminya kabichi zetu kwa vidole. "Hii kabichi yenu imelegea kama mulevi wa kasikisi," alisema, "muliipitisha baa mbele ya kuja?" Wenzake wakacheka, kwa sababu kasikisi ni pombe yetu ya ndizi na kila mmoja alikuwa na mlevi wake nyumbani. Kavira alimjibu, "Ilikuwa inangojea bwana yako, mama, balikunywa pamoja." Tuliuza zote. Nakumbuka kwamba nilirudi nimefurahi. Niliona tumeokoa bwawa.

Agronome alikuja baada ya wiki moja. Mama alikuwa shambani, mimi nilikuwa kwenye jiwe langu. Alichuchumaa kando yangu, akasifu ubao wangu, akaniuliza misalaba ile ni nini. Kabla sijajibu aliona kitu kati ya matete, akainuka, akaingia majini na viatu vyake vya mpira, akakizingira kwa wavu mdogo wa mkono. Alikuwa mzazi mwingine, wa nane, mwenye koo limevimba.

"Toto, kuya huku. Angalia muzuri," alisema, na kwa kidole gumba akaufungua mdomo wa samaki chini ya maji. Walitoka wadogo, wengi, wembamba kama sindano, wenye macho meusi makubwa. Walizunguka mkono wake, hawakujua pa kwenda. Alipomwachia mama yao, waliruka wote kumfuata, na mbele ya macho yangu walirudi kinywani mwake kama moshi unaorudi bombani. "Umeona? Hii ni mama. Anachunga batoto mu kinywa. Donc hapana kula, hata umupatie nini, juu akimeza chakula atameza na bana yake. Wiki mbili, tatu, anafunga tu." Alicheka kwa furaha. Alikuwa mtu anayeipenda kazi yake. Kisha alihesabu kwa macho, akakunja uso. "Mais, benye bakubwa bengine bako wapi?"

Nilijua jibu. Walikuwa hatua ishirini nyuma yake, chini ya migomba. Niliogopa serikali, niliogopa pipa lake, lakini zaidi ya hayo niliogopa kwamba atapanda kwenda kumwambia mama alichokuwa ameniambia mimi. "Ndege," nilisema. "Ndege balikula, Agronome." Naye aliniamini. Jioni alimpitia mama shambani na kumwagiza azungushie maji ya pembeni miiba, ndege wasitue.

Mama alikata miiba siku tatu. Alikwenda kuitafuta mbali, ng'ambo ya kijito, akairudisha mgongoni na Muhindo amefungwa kifuani. Mikono yake ilichanika hadi kwenye viwiko. Alizungushia ukingo wote uzio wa miiba kuzuia ndege ambao hawakuwahi kuja, na hakuniuliza neno. Yeye ndiye aliyewazika wale samaki. Alijua hakukuwa na ndege. Mtoto wake alikuwa amemdanganya mtu wa serikali, naye aliutekeleza uongo huo kwa mikono yake bila kuuliza sababu. Hilo nililiona siku ile ile, na sikulielewa. Nililibeba miaka mingi kama jiwe kwenye kiatu.

Muhindo alikufa maharage yakiwa bado mabichi. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na sitajaribu kuueleza. Ilikuwa alasiri, mama alikuwa amemkalisha juani, na alipokwenda kumgeuza aliona hageuki tena. Ujumbe ulipelekwa Mbau kwa dereva wa lori, na baba alifika siku ya pili akiwa na vumbi la mbao nyusini. Watu walijaa, kutoka upande wa mama na upande wa baba, na watu wa msiba hawaachwi na njaa, hiyo ni aibu isiyofutika. Baba alitazama stoo, hakuona kitu. Kisha alichukua jembe, akashuka na wajomba, akaukata ukuta wa bwawa. Maji yaliondoka kwa saa mbili. Samaki walibaki wakirukaruka kwenye tope, wakubwa na wadogo, nao wakakusanywa kwa vikapu na kupikwa. Harufu ilijaa uwanja. Waombolezaji walikula, wakashukuru, na mzee mmoja alisema samaki hawa ni watamu, Mungu awabariki. Mimi nilipewa mmoja, wa kadiri ya kidole. Nilimshika mkononi mpaka akapoa, nikampa paka.

Baba hakulijaza tena lile bwawa. Mimi sikusoma zaidi ya darasa la sita, lakini niliendelea na ile tabia ya ubao na mkaa. Nimenunua sokoni vitabu vya kale vya Kifaransa vya elimu ya viumbe, kimoja kimoja, vingine havina jalada, na nimevisoma na kamusi kando ya cherehani. Ninajua sasa jina la kile nilichokiona na sababu yake. Ninajua pia kuhusu bwaki. Nimewauliza wauguzi wawili, kwa nyakati tofauti, kama samaki saba wakubwa wangemponya mtoto aliyefika pale alipofika Muhindo. Wa kwanza alisema labda. Wa pili aliuliza kama alikuwa bado ana hamu ya kula, nikasema hapana, akatikisa kichwa. Nilijiwekea jibu la wa kwanza. Mtu akitaka kujihukumu huchagua shahidi.

Mama anaishi nami sasa, hapa Mususa, mtaa mmoja wa Butembo, katika chumba cha nyuma ya duka langu la ushonaji. Mwaka huu familia moja iliyokimbia vita kutoka upande wa Mbau ilipanga kwa jirani, na mtoto wao wa kike ana nywele zile zile nyekundu. Nilipomwona mara ya kwanza sikuweza kushona siku nzima. Jioni nilimkuta mama anachambua maharage, nikakaa chini mbele yake, nikasema nilichokuwa nimekificha tangu nikiwa na miaka tisa.

"Mama, bale samaki saba habakukuwa bagonjwa. Agronome alinionyesha. Nilikuficha."

Hakuinua macho. "Najua," alisema.

"Unajua tangu siku gani?"

"Siku ile ile. Mulikuwa mumeenda soko." Alitoa jiwe kwenye maharage, akalitupa. "Yule wa tano, nilitaka kumufukia, kinywa kikafunguka. Batoto bakatoka, bazima, na macho yabo. Nikabeba mu sahani na maji, nikabarudisha mu etang. Na babili ya mwisho vile vile. Lakini bamama balikuwa bamekufa. Nilikuwa nimeshabapiga."

Kwa hiyo wale wadogo wa kundi la kila asubuhi, niliowatazama wakidonoa mawe baada ya hapo, wengine alikuwa amewarudisha yeye kwa mikono. Nilimwuliza kwa nini basi alikata miiba.

"Agronome aliniambia ndege. Nikajua umeshajua. Nikasema, nikimuuliza Masika, na yeye ataniuliza mimi. Basi nikakata miiba."

"Ningekuuliza nini, mama?"

Pikipiki ilipita nje, kisha nyingine. Aliweka ungo chini.

"Bale batatu nilipika," alisema. "Nilimupikia Muhindo. Nilitoa mifupa yote, nikasaga na kidole, nikamutia mu kinywa. Akatema. Nikarudia, akatema. Mara ya ine akageuza uso kwa ukuta." Alifuta mikono kwenye kitenge ingawa haikuwa na kitu. "Halafu nikakula mimi. Bote batatu, Masika. Nilinyonya na vichwa. Nilikuwa na njaa, nilikuwa na njaa sana. Mulirudi na Kavira, muliuza kabichi yote, munacheka. Nikawapatia viazi."

Nilitaka kumwambia kwamba hilo si kosa, lakini nilikuwa nimeshaanza kuhesabu. Nilirudi nyuma siku kwa siku katika msimu ule, kama ningekuwa na ubao wangu, nikitafuta siku hata moja ambayo nilimwona mama anakula. Nilimwona akipakua. Nilimwona akikwangua sufuria, akimpa Kavira ukoko. Nilimwona akiosha vyombo. Sikupata siku hiyo. Mwenye macho haambiwi tazama, walisema wahenga, na mimi nilikuwa na macho yaliyojua samaki yupi kati ya ishirini hajagusa jani. Nyumbani nilipanda nikiwa nimeyafumba.

Bonde lile sasa lina matete tu. Waliokuwa na mabwawa wamehamia mjini, na kwenye barabara ya Mbau mtu huuliza habari kwanza ndipo asafiri. Wakati ule tulikuwa na samaki na hatukuwa na ujuzi. Leo nina rafu nzima ya vitabu, na samaki tunaowala wanakuja ndani ya maboksi ya barafu, kutoka bahari ambayo hakuna mtu wa mtaa wetu aliyeiona. Mtoto wa jirani anapewa dawa yake ya kula kwenye vifuko vya karatasi inayong'aa, naye ameanza kulia, na mama yake analalamika kwamba analia mno. Mimi nasikiliza kilio hicho kupitia ukutani na kushukuru.

Jumapili iliyopita nilinunua samaki mmoja wa barafu, mnene, nikampika na nyanya na ndizi. Tulikaa wawili, mama na mimi, mlango ukiwa wazi. Alikula upande mmoja taratibu, akatoa mifupa, akaipanga kwenye ukingo wa sahani. Kisha alisukuma sahani kwangu, na nusu nzuri ilikuwa bado haijaguswa.

"Maliza wewe," alisema. "Miye nimeshiba."

Sikumwamini.